Popo Wafananao: Kutoka Ngerengere na Kilosa hadi Mwambao

Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa, ikisha kuvuka Ruvu na kuipita milima ya Uluguru kwa upande wa kaskazini, ilikabiliwa na uwanda wa Mkata. Wakati wa kiangazi uwanda huo ulikuwa mbuga kavu ya nyasi; wakati wa masika uligeuka kinamasi cha kuzamisha punda na mizigo yake. Henry Stanley, aliyeuvuka mwaka 1871 katika safari ya kumtafuta Livingstone, aliuandikia kurasa za uchungu mtupu. Ng'ambo ya uwanda ndiko Kilosa, kando ya mto Mkondoa, na kusini yake ni nchi ambayo tangu mwaka 1964 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyopewa jina la mti ule wa mkumi wenye shina refu na majani ya upepeo.

Historia ya njia hiyo imezoeleka kusimuliwa kwa pembe za ndovu, kwa watumwa waliofungwa minyororo, kwa reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa mashamba ya katani. Ipo historia nyingine ya nchi hiyo hiyo, ndogo kwa umbo, ambayo huanza jua likitua. Inahusu popo, na inahusu swali ambalo wapenzi wa lugha wataliona la kwao zaidi kuliko la wataalamu wa wanyama: jina ni mali ya nani, na hushikamana na nini?

Kiswahili kwa popo kimeridhika na neno moja. Mvuvi wa Makunduchi na mkulima wa Kilosa wanajua kwamba popo mla maembe si sawa na yule mdogo ajikunjaye ndani ya jani changa la mgomba. Hata hivyo wote wawili huitwa popo, na anayetaka kubainisha huongeza maelezo. Hakuna kosa katika hilo. Lugha hutoa majina mengi pale maisha yanapoyahitaji, kama tunavyoona katika majina ya nazi, kuanzia kidaka na kitale hadi dafu na koroma. Wenye haja ya kuwatenga popo mmoja mmoja walikuja baadaye, na walikuja na Kilatini.

Mwaka 1893 Mjerumani Theodor Noack alitangaza popo mpya kutoka Ngerengere, mto uteremkao Uluguru, ukapita Morogoro mjini, ukaenda kujiunga na Ruvu. Alikuwa ni mmojawapo wa popo wale wenye pua za jani, yaani ngozi iliyojikunja juu ya pua mfano wa jani lililosinyaa. Manyoya yake yalikuwa mekundu, naye Noack akamwita kwa wekundu huo. Jina lake leo ni Hipposideros ruber, na ruber ni kusema mwekundu.

Lakini kiti hicho kilikuwa karibu kina mwenyewe. Miaka 47 kabla yake, mwaka 1846, Msweden Carl Sundevall alikwisha kumpa jina popo anayefanana naye sana, aliyepatikana Port Natal, mji unaoitwa sasa Durban. Huyo aliitwa caffer. Msomaji wa mwambao hahitaji kuambiwa neno hilo limetoka wapi: ni kafiri yetu ya Kiarabu, iliyochukuliwa na Wareno ikapelekwa kusini, ikawa kwanza jina la nchi, kisha tusi kwa watu weusi wa Afrika Kusini. Popo hana habari, lakini jina analibeba hadi leo.

Basi wakawa wawili, wa kijivu na mwekundu, na kwa muda mambo yalionekana kuwa mepesi. Wepesi huo haukudumu. Waliochungulia mapangoni na katika mapaa ya nyumba waliona popo wa kijivu na wa rangi ya chungwa wakining'inia kundi moja, na kila aina ikawa na wekundu wake na wakijivu wake. Wengine walishuku kwamba hewa kali ya mavi ya popo katika mapango yenye joto ndiyo inayochujua manyoya. Kwa vyovyote vile, rangi ambayo Noack aliitegemea hata akaifanya jina ilipoteza ushahidi wake. Katika karne ya ishirini wapo waliosema ruber si chochote ila tawi la caffer, wapo waliosema ni popo mbali. Kila upande ulipima fuvu, ulipima meno, ulipima kigasha, ambao ndio mfupa unaoshika sehemu ya mbele ya bawa, na vipimo vya huyu viliingia ndani ya vipimo vya yule.

Kilosa inaingia katika kisa hiki kwa mlango wa mtu mmoja. Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales, alikuja Nairobi mwaka 1914 kuhudumu katika makumbusho, akapigana katika vita vya Afrika Mashariki, kisha akaajiriwa na serikali ya Tanganyika katika idara ya wanyamapori. Miaka ya mwanzo ya 1920 aliishi Kilosa, na kila kilichotambaa, kilichoruka au kilichopiga kelele usiku kilikuwa hatarini kuingia katika chupa yake. Mwaka 1924 alihamia Marekani, katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, akabaki huko zaidi ya miaka 30, akirudi Afrika Mashariki mara kwa mara kukusanya zaidi. Chura mmoja mdogo sana aliyemtangaza mwaka 1925 kutoka Kilosa, na ambaye baadaye alikuja kujulikana Unguja pia, ana Kilosa katika cheti chake cha kuzaliwa, na hakuna awezaye kuiondoa.

Maneno hayo, cheti cha kuzaliwa, yanahitaji kufafanuliwa, kwani kesi yote imejengwa juu yake. Katika sheria ya majina ya wanyama, jina halifungwi kwa maelezo yaliyoandikwa kitabuni. Linafungwa kwa mnyama mmoja, au kikundi kidogo cha wanyama, waliohifadhiwa kabatini au katika chupa ya spiriti, na kwa mahali walipokamatwa. Maelezo yakionekana baadaye kuwa na makosa, jina halifi. Popo wa Noack angeweza kugunduliwa kesho kuwa wa kijivu, na bado angeitwa mwekundu. Tena jina la kwanza hulishinda la pili, hata kama la pili ni zuri zaidi na limetungwa na mwenye elimu kubwa zaidi. Mkubwa hupishwa.

Kwa wanaosoma hati za kale za mwambao, tatizo la popo hawa si geni. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ya be ilitumika kwa sauti ya b, ya p, na aghalabu ya mb vilevile. Maneno mawili yaliyo mbali kabisa yalikaa karatasini kwa sura moja, na aliyeyatenganisha ni msomaji aliyewahi kuyasikia yakisomwa. Jicho lilishindwa, sikio likaamua. Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa kwa popo.

Popo wala wadudu hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Wenye pua za jani huitoa puani, na jani lile husaidia kuielekeza. Sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya kilohezi 20, ilhali popo hao wa Ngerengere na jamaa zao huimba juu ya 100. Vilipopatikana vyombo vya kuirekodi sauti hiyo na kuishusha hadi tukaweza kuisikia au kuiona kwa mchoro, popo waliodhaniwa wamoja walianza kuachana. Kisa mashuhuri ni cha Ulaya. Popo mdogo aliyeonekana kila jioni juu ya bustani za Uingereza, mwenye jina tangu mwaka 1774, aligunduliwa katika miaka ya 1990 kuwa popo wawili: mmoja aliita kwenye kilohezi 45 hivi, mwingine kwenye 55. Nchi yenye wachunguzi wa wanyama wengi kuliko pengine nchi nyingine yoyote duniani ilikuwa imewachanganya wawili hao kwa zaidi ya karne mbili. Huku kwetu, komba wa pwani walipatanishwa na majina yao kwa njia hiyo hiyo ya mlio: komba wa Unguja aliyepewa jina mwaka 1893 alikuja kutenganishwa na yule wa mwambao wa Kenya aliyedhaniwa kuwa yeye, na kilio cha usiku kilikuwa shahidi mkuu.

Baada ya sauti zikaja nasaba. Mwaka 2008 Peter Vallo na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha vinasaba vya popo wa kundi la caffer na ruber kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Walikuta kwamba majina mawili yalikuwa yamefunika nasaba kadhaa, na kwamba popo walioitwa ruber hawakuwa ukoo mmoja. Mwaka 2020 Bruce Patterson wa Chicago, pamoja na Paul Webala na Bernard Agwanda wa Kenya na wengineo, walitumia vinasaba zaidi, na picha ikazidi kugawanyika: nasaba nyingi zilizojitenga, ambazo nyingine hazina jina lolote.

Hapo ndipo mto wa Morogoro unapopata uzito wake. Ikiwa ruber ni wengi, ni mmoja tu atakayebaki na jina, naye ni yule wa Ngerengere. Popo wa Ghana au wa Kameruni aliyeandikwa kwa jina hilo vitabuni kwa miaka mingi atalivua. Hakuna kura itakayopigwa wala umaarufu utakaohesabiwa.

Mwambao nao una kesi yake, na pengine ndiyo itakayompendeza zaidi msomaji wa visiwani. Yuko popo mwingine, binamu wa wale wenye pua za jani, ambaye juu ya pua yake husimama ncha tatu mfano wa mkuki wa kuvulia samaki. Wataalamu walimwita Triaenops, jina la Kigiriki lenye maana ya uso wa mkuki wa ncha tatu. George Dobson, daktari wa jeshi la Waingereza, alimtangaza mwaka 1871 kutoka Shiraz, akamwita persicus, wa Uajemi. Miaka sita baadaye Wilhelm Peters wa Berlin akamtangaza popo kama huyo kutoka Mombasa, akamwita afer, wa Afrika. Waliofuata wakaona tofauti ni ndogo mno. Kwa kuwa Shiraz ilitangulia, popo wa Mombasa akawekwa chini ya jina la Kiajemi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini maelfu ya popo walioruka kila magharibi kutoka mapango ya matumbawe ya pwani walihesabiwa kuwa Washirazi.

Mwaka 2009 Petr Benda wa Prague na Vallo yule yule walipima upya mafuvu na vinasaba. Popo wa Afrika akaonekana ni mbali na wa Uajemi, akarudishiwa jina lake la Mombasa. Kusini mwa Arabuni, nchini Yemen, wakamkuta wa tatu, mdogo zaidi, ambaye hakuwa amewahi kupewa jina. Na baadhi ya jamaa zao wa Bukini na Aldabra wakatengewa jenasi yao wenyewe. Mzunguko mzima wa bahari ya Hindi ya magharibi, ule wa pepo za kaskazi na kusi, uliandikwa upya kwa wanyama ambao hawakupanda jahazi.

Kishawishi cha kumtumia popo huyu katika mjadala wa asili ya Waswahili ni kikubwa, na kinafaa kukataliwa mapema. Watu walisafiri, wakaoana, wakasimulia. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka makaburi ya mwambao, uliotangazwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliwakuta watu hao wakiwa na mama wa Kiafrika kwa sehemu kubwa na baba wa Kiajemi katika wengi wao, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Simulizi za Kilwa hazikuwa ndoto tupu. Popo wa Mombasa ana habari yake, na binadamu wa Mombasa ana yake.

Ikiwa jina hufungwa kwa mahali, lafudhi yake kwa muda mrefu ilikuwa ya kwingine. Loveridge, Noack, Peters na Dobson waliandika majina ya wenzao wa Ulaya, ya rangi, na ya nchi. Wanakijiji waliojua shimo lipi lina popo na mgomba upi una jani la kujikunja walibaki nje ya Kilatini. Hali hiyo imebadilika polepole. Mwaka 2000 Dieter Kock, Gábor Csorba na Kim Howell, huyu wa mwisho akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza popo mwenye pua ya kwato kutoka korongo la Mkulumuzi, kwenye msitu wa mapango ya Amboni karibu na Tanga, wakamwita Rhinolophus maendeleo. Neno letu la mikutano ya hadhara na vibao vya barabarani likaingia katika orodha ya wanyama wa dunia. Mwaka 2020 popo mmoja wa Uganda aliitwa kityoi, kwa heshima ya Robert Kityo wa Makerere.

Na Pemba? Pemba ina popo wake mkubwa mla matunda, aliyepewa jina na Paul Matschie mwaka 1909, ambaye hapatikani popote duniani ila hapo. Katika miaka ya 1990 alihesabiwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Ulinzi wa wananchi, wale wa Kidike wakiwa mfano unaotajwa sana, ulimrudisha hata akateremshwa daraja la hatari. Huyo hana anayefanana naye kisiwani, na ndiyo sababu kuhesabika kwake kulikuwa rahisi. Kesi ngumu ni ya mdogo. Mwaka 2008 William Stanley alitangaza popo mwenye mkia huru kutoka Pemba, akampa jina lililotokana na Bakari: Mops bakarii. Hazikupita siku nyingi wenzake wakauliza kama popo huyo si yule yule leucostigma wa Bukini, anayepatikana pia Nzwani. Leucostigma alipewa jina mwaka 1918. Wakiwa mmoja, sheria ya mkubwa hupishwa haitamhurumia Bakari, na jina la Kiswahili litabaki katika orodha ya majina ya ziada, ambako hakuna asomaye isipokuwa wanaosahihisha orodha.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mabishano ya watu wenye nafasi. Kilosa hawana haja ya kujua popo wa paani ana kilohezi ngapi. Lakini popo wawili wakihesabiwa mmoja, mmoja wao anaweza kutoweka chini ya jina la mwenzake, na orodha ikaendelea kusema wako wengi. Misitu ya Ukaguru na Rubeho iliyo juu ya Kilosa, na ya Uluguru ilikozaliwa Ngerengere, hupungua ukingoni mwaka hadi mwaka, na barabara kuu ya kwenda Iringa hukata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Wanyama wakubwa waliogongwa humo walikwisha kuandikiwa utafiti mwaka 1995. Popo hagongwi akahesabiwa.

Afya nayo imo. Mwaka 2009, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 2015, watafiti walitangaza kwamba popo wenye pua za jani wa Ghana wana virusi vilivyo ndugu wa kirusi kimoja cha mafua ya kawaida ya binadamu, kile kiitwacho 229E. Si habari ya kumfanya mtu achome pango; mafua hayo tunayo wenyewe, na ngamia nao wamo katika ukoo huo wa virusi. Ila anayetaka kujua kirusi kimepita wapi ni lazima ajue kwanza amemkamata popo yupi. Watafiti wa Ghana walilijua hilo, ndiyo maana katika maandishi yao hawakuandika ruber bila ya tahadhari. Waliandika Hipposideros cf. ruber, na herufi hizo mbili ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya linganisha.

Kulinganisha na nani ndilo swali, na jibu lake lipo kwenye njia ile ya misafara. Nyavu nyembamba hutandazwa kabla ya magharibi, mahali popo wanapopenda kupita kunywa maji. Anayenaswa hupimwa kigasha, hukatwa kipande cha ngozi ya bawa kisichozidi punje ya mtama, husikilizwa, kisha huachiwa aende zake. Daftarini huandikwa tarehe, mto na jina. Akiwa amekamatwa Ngerengere, na vinasaba vikakubali, cf. haihitajiki.